Kuna Mwenye Pingamizi?

Kwetu Fladarsay, kisiwa kidogo cha Uskoti, mtu akikataa jambo hasemi hapana. Anatazama viatu vyake. Ukimbana zaidi anakuambia, "Haya, tutaona," na hiyo "tutaona" ni hapana iliyopigwa muhuri. Mtoto yeyote aliyezaliwa kati ya gati na mnara wa taa anaijua kabla hajaota meno. Wakuja hawaijui. Wakuja wakiuliza jambo na watu wakanyamaza, huandika kwamba watu wameafiki.

Ndivyo tulivyojipatia choo cha umma cha rangi ya zambarau. Ndivyo tulivyojipatia Wiki ya Sherehe za Kiangazi, siku saba za vibendera na soseji, pamoja na mashindano ya kutengeneza sanamu za kutishia ndege, katika kisiwa ambacho hakijapanda nafaka tangu bibi yangu akiwa mwari. Mwaka juzi waliongeza mazoezi ya kujinyoosha ufukweni pamoja na mbuzi. Mbuzi wenyewe walikodishwa bara wakaletwa na feri, na kwa kuwa kazi yangu ni kufunga kamba za feri, nilikuwa pale waliposhuka. Waliniangalia kwa aibu, nami sikuwalaumu.

Kwa kimya hicho hicho Bi Verity Ormerod akawa mwenyekiti wa kamati inayoshika ardhi yote ya kisiwa tangu tulipomwondoa bwana mwenye ardhi. Alikuja miaka tisa iliyopita kutoka kusini kabisa mwa Uingereza, na mumewe Clive, na mashine ya kahawa, na mbwa wawili ambao hawajui kondoo ni mnyama gani. "Kuna mwenye pingamizi?" waliuliza siku ya uchaguzi. Watu wangu wakatazama viatu. Akachaguliwa.

Sasa, mwezi wa sita mwaka huu tuliitwa ukumbini. Wakuja walikaa mbele, kumi na watano, kila mmoja na daftari. Wenyeji walikaa nyuma karibu na mlango, kumi na tisa, kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Nilikaa kati ya mama yangu Beathag na binamu yake Torcuil, ambaye namwita mjomba. Torcuil ana miaka sabini na moja, na maneno aliyosema maisha yake yote ukiyapanga mstari mmoja hayafiki gatini.

"Nina habari tamu," alisema Bi Verity. Yeye habari zake zote ni tamu. "Sherehe zetu zimekua! Uwanja wa shule hautoshi tena. Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho, ile siku kuu yenyewe, tarehe tisa Agosti, tutaihamishia Lianag. Uwanda mzuri, bahari pale mbele, mahema sita, magari mia moja yanaenea. Clive ameshachora."

Clive akainua mchoro. Alikuwa amepaka Lianag rangi ya kijani na kuandika juu yake "eneo tupu".

Lianag ni konde letu. Nyasi tunazokata pale mwishoni mwa Agosti ndizo ng'ombe wetu wanazokula kuanzia Novemba mpaka Mei, na hakuna pengine pa kukata, kwa sababu kwingine kote ni mawe na tope. Karatasi ya umiliki hatuna. Msimamizi wa bwana mwenye ardhi alimwambia babu yangu, "Kata wewe," babu akakata. Baba akakata mpaka alipokufa. Sasa nakata mimi. Magari mia yakipita juu ya nyasi zile wiki mbili kabla hazijakatwa, hakutakuwa na cha kukata, na ng'ombe tisa ambao mama yangu anawaita kwa majina watapandishwa feri mwezi wa kumi bila tiketi ya kurudi. Kila mtu nyuma ya ukumbi alilijua hilo. Kila mtu.

"Kuna mwenye pingamizi?" aliuliza Clive, kalamu mkononi.

Kimya. Nikageuka kuwatazama watu wangu. Ealasaid, aliyekuwa akilea nusu ya kisiwa na kuipiga makofi nusu nyingine, alikuwa anachunguza mshono wa buti lake la mpira. Ndugu wawili wa nyumba ya kule mnarani walikuwa wanatazama viatu vyao kama vimenunuliwa jana. Torcuil alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kofia ikamziba macho.

Nikasimama.

"Fearchar," mama alinong'ona, akanivuta sweta. "Kaa chini, mwanangu."

"Sikai. Bi Verity, hilo si eneo tupu. Hilo ni chakula cha ng'ombe wetu. Nyinyi mlikuja hapa mkisema mnapenda kisiwa, na tangu mfike hamjaacha kukifunika vibendera mpaka hakionekani. Mnapiga picha ng'ombe, mnaweka ng'ombe kwenye kadi, mnaweka ng'ombe kwenye taulo za jikoni, na sasa mnataka kuegesha magari juu ya sahani yake!"

Hapo ningeishia. Lakini nikishika moto sizimiki kwa nusu ndoo. Nikawageukia wangu.

"Na nyinyi, jamaa zangu, mnatafuta nini huko chini? Mmedondosha ndimi? Mwenye kuuona ulimi wa Torcuil aurudishe, una kazi leo!"

Ukumbi uliganda. Si mbele, maana mbele walikuwa wananitazama kwa macho ya huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayeimba vibaya. Nyuma ndiko kulikoganda. Ealasaid alifumba macho. Mtu mmoja akakohoa, kikohozi cha mazishini.

"Asante sana, Fearchar," alisema Bi Verity. "Mnaona? Hii ndiyo sauti ya vijana ninayoililia kila siku. Nimefurahi mno. Basi tupige kura."

Wanaokubali: mikono kumi na mitano, yote ya mbele. Wanaokataa: mkono mmoja, wangu, ukiwa juu peke yake kama mti wa bendera. Wenyeji hawakuinua mkono huku wala kule. Mama yangu mwenyewe, mwenye ng'ombe, alikuwa amekunja mikono mapajani. Clive akaandika, akasoma kwa sauti: "Kumi na watano kwa mmoja. Waliobaki wameridhia."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma. Alinigeukia tulipofika kwenye lango la ng'ombe.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema.

"Mimi? Wanataka kukunyang'anya konde, halafu aliyekuvua nguo ni mimi?"

"Wao hawajui. Wewe unajua."

Torcuil alikuwa nyuma yetu, anakuja polepole. Alisimama langoni, akawasha kiko chake, akavuta mara tatu. Nilijua kuna sentensi inakuja.

"Ulipiga kelele, kijana."

"Nilisema kweli, mjomba."

"Ndiyo. Kwa kelele."

"Na nyinyi mlitazama viatu!"

"Tulikataa."

"Mlikataa kwa viatu?"

"Watu kumi na wanane," alisema Torcuil. "Uliona hata mmoja aliyeinua uso?"

Nilitaka kulia kwa hasira. Niliwaona kwa jicho jipya siku ile: watu waliozoea kuinamia msimamizi wa bwana mwenye ardhi, na sasa bwana ameondoka, shingo zimekataa kunyooka. Nikaapa sitawasalimia. Na kweli, mwezi wa saba wote nilipita barabarani nimekaza uso. Ni kazi ngumu kutosalimia watu katika kisiwa chenye barabara moja. Ealasaid alinipungia mkono kila asubuhi kutoka dirishani kwake, makusudi, akijua siwezi kuupunga wangu.

Mizigo ikaanza kuingia na feri. Mahema. Vyoo vya kukodi. Maboksi kumi na mawili ya vibendera, kana kwamba vya mwaka jana vililiwa. Nilifunga kamba na kufungua kamba, na kila boksi lilipopita nililitazama kama jeneza.

Wiki ya mwisho ya Julai Bi Verity mwenyewe alikuja kwetu na keki ya limau na ramani mpya. Alisimama kwenye ukuta wa mawe, akaangalia nyasi za Lianag, ambazo zilikuwa zimefika magotini na kuanza kutoa mbegu, na upepo ulikuwa unazilaza na kuziinua.

"Kweli ni pazuri," alisema. "Nimekuja tusiwe na kinyongo, Fearchar. Nyasi zitaota tena, si ndiyo?"

"Zitaota mwezi wa tano, Bi Verity. Ng'ombe wanakula mwezi wa kumi na mbili."

"Naona unavyoumia. Tunaweza kufikiria kuagiza marobota ya nyasi kutoka bara. Nitaiuliza kamati."

"Kamati ni nani?"

"Mimi na Clive, na wengine."

"Basi jiulize sasa hivi. Nasubiri."

Akacheka, akanigusa bega. "Unachekesha sana wewe. Uje uwe mshereheshaji Jumamosi! Vaa kilti, ile sketi yenu ya jadi, useme maneno mawili matatu ya Kigaeli. Wageni watafurahi."

"Ninayo maneno mawili matatu ya Kigaeli ya kukuambia sasa hivi."

"Haya basi!" alisema, macho yanang'aa.

Nilimwambia. Akasema yana mlio mtamu. Akaacha keki juu ya ukuta na kuondoka, na mbwa wetu, ambaye hula hata kamba, aliinusa akaiacha.

Nikaenda moja kwa moja kwa Torcuil. Nilimkuta amelala chini ya trekta lake, miguu tu inaonekana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongea naye tangu Juni.

"Mjomba, zimebaki siku tisa. Mtafanya nini?"

Miguu haikusogea. "Tutaona," ilisema.

"Tutaona, tutaona! Mkizikwa mtaandikiwa hiyo kaburini!"

"Nipe spana namba kumi na tatu," ilisema miguu.

Nikampa, nikaondoka. Nilishajua kwamba kama konde litaokolewa, litaokolewa na mimi. Nilipanga hivi: Alhamisi asubuhi nitafunga lango la Lianag kwa mnyororo wa meli, nitaegesha trekta langu nyuma yake, nitakaa kwenye usukani, na mafundi wa mahema wakija Ijumaa watanikuta pale. Waje na polisi. Polisi atokee bara na feri ninayoifunga kamba mimi. Nilikuwa nimeshatunga hata maneno ya kumwambia Bi Verity mbele ya wageni, na yalikuwa na mizani.

Jumatano jioni mama akaweka barua mezani. Hospitali ya bara, kliniki ya macho, Alhamisi saa nane mchana.

"Kesho?" nilisema. "Si ulisema tarehe ishirini na moja?"

"Wamebadilisha."

"Nenda na Ealasaid."

"Ealasaid ana shughuli. Na wakishanitia dawa ya macho sitaona ngazi ya feri. Unataka mama yako aanguke majini kwa sababu ya nyasi?"

Mwanamke huyu alizaa mtoto mmoja tu, na anajua funguo zake zote ziko wapi. Alhamisi asubuhi tulipanda feri. Gatini nilimwona Torcuil amesimama mikono mfukoni, anatazama mawingu. Hayakuwepo. Anga lilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Nilimwambia, "Usiku mwema, mjomba," saa mbili asubuhi, ili ajue namwona mfu. Akagusa kofia.

Feri ya kurudi ni Ijumaa jioni. Usiku ule bara sikulala, nilikuwa nahesabu mahema kichwani. Siku iliyofuata tulipokuwa tunakata kona ya mnara wa taa, jua bado liko juu, nilikwenda kusimama mbele kabisa kwenye vyuma vya ukingo, nikajiandaa kuona nguo nyeupe za mahema juu ya Lianag.

Sikuona hema. Niliona mistari.

Konde zima lilikuwa limekatwa. Nyasi zililala chini mistari mistari, kijani kilichoanza kugeuka dhahabu, na mistari yenyewe haikuanza ukingoni kama watu wanavyokata siku hizi. Ilianza katikati na kuzunguka kuelekea nje, mduara baada ya mduara, ili ndege wenye vifaranga majanini wapate njia ya kukimbia. Kuna mtu mmoja tu Fladarsay anayekata kwa kuanzia katikati.

"Mama," nilisema. "Unaona?"

"Na macho haya? Sioni kitu," alisema mama, na uso wake, uliofunikwa miwani mikubwa myeusi ya hospitali, ulikuwa umeelekea Lianag moja kwa moja.

"Hospitali haikubadilisha tarehe, sivyo?"

"Niliwapigia simu mimi. Kuna kijana mmoja pale mapokezi, mpole sana."

Kwenye lango la Lianag tulikuta mkutano mdogo. Bi Verity, Clive, mafundi wanne wa mahema kutoka bara wakivuta sigara, na mbele yao Torcuil ameegemea uma wa nyasi. Nyuma yake, kondeni, Ealasaid na wale ndugu wa mnarani walikuwa wanageuza nyasi kana kwamba duniani hakuna watu wengine.

"Torcuil, nakuuliza tena," alisema Bi Verity. Habari zake hazikuwa tamu. "Nani amefanya hivi?"

"Jua lilitoka," alisema Torcuil.

"Nauliza nani."

"Lilitoka ghafla."

"Lakini mahema yako hapa! Kesho kuna watu mia nane!"

"Naona."

"Nyasi hizi zinaweza kusogezwa pembeni?"

"Zinaweza."

"Kwa trekta?"

"Ndiyo. Kwa trekta."

"Basi tafadhali lete trekta lako."

"Limeharibika."

"La Ealasaid?"

"Hilo nalo."

"Yote? Matrekta yote ya kisiwa yameharibika siku moja?"

Torcuil akatafakari. Nyuma yake nyasi zilikuwa zinapasuka kwa ukavu chini ya jua. "Unyevu," alisema.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yangu tayari, yale yenye mizani, na hapa palikuwa mahali pake. Vidole viwili vikanifinya nyama ya juu ya kiwiko, vikazungusha. Kwa mtu asiyeona kitu, mama alipapata vizuri sana. Nikafunga mdomo.

Mahema yakaenda kusongamanishwa kwenye maegesho ya gatini, kati ya mapipa ya dizeli na mitego ya kambakoche. Jumamosi ilipofika, wageni walikula soseji zao wamebanana pale chini ya vibendera, na Clive alipuliza zumari lake la mfuko, ambalo amejifunza miaka sita na bado linalia kama limekanyagwa. Wenyeji hawakwenda. Walikuwa Lianag wote, pamoja na binamu waliokuja likizo kutoka Glasgow, wanageuza nyasi kwa mikono, kwa sababu matrekta, bila shaka, yalikuwa mabovu.

Niligeuza karibu na Torcuil. Saa nzima nilitafuta namna ya kusema nilichotakiwa kusema.

"Mjomba. Nilikosea. Ahsante."

"Ya nini?"

"Mmetuokolea konde."

"Hatukufanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya nani?"

Torcuil aligeuza fungu moja, akageuza la pili. "Ili usiongee tena," alisema. "Ealasaid hajalala vizuri tangu Juni. Anasema ukisimama vile mara nyingine atahamia Kanada."

"Nahamia kweli!" Ealasaid alipiga kelele kutoka mstari wa tatu.

Wakacheka wote, kumi na wanane na binamu zao. Nami, niliyewaita mabubu, nilisimama na uma wangu, masikio yanawaka. Kisha nikaona watu kwenye ukuta.

Kwanza wawili, mtu na mkewe, wamevaa kofia za jua. Halafu kumi. Halafu ukuta mzima ulijaa, simu juu, na kipaza sauti cha gatini kikanguruma kikivuka maji: "Na sasa, wageni wetu wapendwa, kule Lianag, wenyeji wetu wamewaandalia jambo la pekee. Uvunaji wa nyasi wa jadi! Kwa mikono! Twendeni tukashuhudie!" Ilikuwa sauti ya Bi Verity, na ilikuwa tamu tena.

Wakapiga makofi. Tulikuwa tumewakataa kwa nguvu zote ambazo kisiwa kinazo, kwa jua na mashine na matrekta kumi na moja mabovu, na wao wakapiga makofi na kuomba tukatae tena, polepole, ili picha itoke vizuri. Watu hawa ukiwafungia mlango wanasifu bawaba.

Mwanamke mmoja akaruka ukuta. "Naweza kujaribu?" alimuuliza Torcuil, akionyesha uma.

"Mjomba, usimpe," nilisema kwa Kigaeli. "Usithubutu."

Torcuil alimtazama mwanamke, akatazama mistari iliyobaki, akatazama mawingu mawili madogo yaliyoanza kujitokeza magharibi. Akampa uma.

Ilipofika saa kumi na moja kulikuwa na wageni ishirini na wawili kondeni, wameshika uma mwisho wa mpini kama watu wanaotoa nzi kwenye supu, na Ealasaid akipita nyuma yao akifanya upya kila walichofanya. Mmoja alimuuliza Torcuil kama nyasi hizi zina jina la kienyeji. Torcuil alisema zina. Mgeni akasubiri jina, kalamu tayari. Torcuil akaendelea kugeuza.

Jumapili kwetu ni siku ya ibada, hatukazi kamba wala hatugeuzi nyasi, lakini mvua haikunyesha. Jumatatu matrekta yalipona yote kwa pamoja, tukafunga marobota, ghala likajaa robo tatu. Nyasi nyepesi, zilizokatwa kabla ya wakati wake. Ndama mmoja ataondoka. Ng'ombe tisa wanabaki.

Mwezi wa kumi tukaitwa ukumbini. Mbele kumi na watano, nyuma kumi na tisa. Bi Verity alisimama na karatasi ya rangi.

"Nina habari tamu. Tumesoma maoni ya wageni, na mnajua walichokipenda kuliko vyote? Lianag! Kwa hiyo tunapendekeza kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Agosti, iwe Siku ya Mavuno ya Jadi. Nyasi zitaachwa mpaka siku hiyo hasa. Wageni wote watashika uma. Hatuweki mahema, isipokuwa moja tu la chai, pale katikati." Akatugeukia sisi wa nyuma, mkono kifuani. "Na tunawashukuru nyinyi kwa wazo hili zuri."

Nyasi ziache jua la Alhamisi, zisubiri mvua ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya picha. Wageni mia nane kwenye nyasi zisizokatwa. Na hema la chai katikati, pale pale Torcuil anapoanzia. Hotuba ilinijia yote kwa mara moja, kuanzia vibendera mpaka mbuzi, na matusi manne ya uhakika.

"Kuna mwenye pingamizi?" aliuliza Clive.

Kimya kikashuka. Nilisikia watu wangu wanavyopumua. Hawakuwa wanatazama mbele, wala hawakuwa wananitazama mimi, lakini nilihisi wote kumi na wanane wananisubiri, na Ealasaid ameshaanza kufunga sanduku la Kanada. Mkono wa mama ulianza kutambaa kuelekea sweta langu. Upande wa pili, chini ya kofia, Torcuil alinong'ona bila kusogeza midomo.

"Mwakani tunakata Jumatano."

Niliinamisha kichwa. Viatu vyangu vilikuwa na lami ya kamba za feri, na katika kishimo cha kamba ya kiatu cha kushoto kulikuwa na ukoka mmoja mkavu wa Lianag, uliokaa pale tangu Agosti. Niliutazama vizuri sana.

"Fearchar?" aliita Bi Verity kwa upole. "Safari hii huna neno?"

"Haya," nilisema. "Tutaona."

Nyuma yangu mtu akashusha pumzi ndefu, na mkono wa mama ukarudi mapajani. Bi Verity alitabasamu mpaka machozi yakamlenga, akamgusa Clive kwenye daftari.

"Andika," alimwambia. "Hata Fearchar amekubali."